Padre Donovan na Wazee wa Loliondo

Wasikilizaji wangu, mtu akisimama mjini Arusha asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaushika mlima, huuona Meru wote upande wa kaskazini, umeinuka zaidi ya mita 4,500. Chini yake ni migomba na mibuni ya Waarusha na Wameru, na katikati ya migomba hiyo yaonekana mapaa ya makanisa, ya Kilutheri na ya Kikatoliki na ya madhehebu mengine. Siku ya Jumapili kengele zake huitikiana toka kilima hata kilima. Mgeni akiyaona hayo aweza kudhani ya kuwa mambo yamekuwa hivi tangu zamani za mababu. Lakini sivyo. Dini hii ililetwa na watu, nao waliileta kwa njia mbalimbali, na njia nyingine zilikuwa na damu.

Leo nataka kuwasimulia habari za padre mmoja wa jimbo hili la Arusha, jina lake Vincent Donovan. Alikuwa na misheni nzuri, yenye shule na hospitali, tena watu walimpenda. Siku moja alikaa akahesabu matunda ya kazi yote iliyofanyika hapo, akaona hakuna kitu. Jambo alilofanya baada ya hesabu hiyo ndilo habari yetu. Lakini ili tumfahamu, yatupasa kwanza tuangalie nyuma kidogo.

Watu wa kwanza waliojaribu kukaa Meru ili kuhubiri walikuwa Walutheri wawili wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Walipiga hema zao Akeri mwezi wa Oktoba 1896. Kapteni Johannes, mkuu wa askari wa Kijerumani katika Kilimanjaro, naye alikuwa amepiga kambi si mbali nao. Wenyeji hawakuona tofauti baina ya mzungu wa Biblia na mzungu wa bunduki. Na kwa kweli ingalikuwa vigumu kuiona, maana walifika pamoja. Usiku wapiganaji wakawashambulia, wakawaua wahubiri wote wawili na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Ndipo Johannes alipokuja na jeshi kulipiza kisasi. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa. Mwisho wake likajengwa boma la Wajerumani mjini Arusha, mwaka 1900, kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha wenyewe. Boma hilo lipo hata leo, nalo ni jumba la makumbusho. Baadaye misheni ya Kilutheri ilianza Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904. Lakini wakati huo wenyeji walikuwa wamekwisha kushindwa vita.

Wakatoliki nao walikuja kwa njia nyingine. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo mwaka 1868. Huko waliwanunua watumwa, hasa watoto, wakawaweka huru, wakawafundisha dini na kazi za mikono, kisha wakawajengea vijiji vyao. Mwaka 1890 walifika Kilimanjaro, wakaanza misheni ya Kilema, na mwaka 1893 ya Kibosho. Kutoka huko Kilimanjaro ndiko kazi yao ilikoenea mpaka Arusha.

Lakini wakombolewa wachache wangewezaje kulijaza bara zima? Mapadre wakageukia shule. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, alikutana na wakuu wa misheni huko Dar es Salaam, akawashauri kwamba kama nguvu hazitoshi kwa kazi zote mbili, afadhali kanisa lingoje na shule itengenezwe kwanza. Shauri hilo lilifuatwa sana. Katika nchi ya Uchaga shule na kanisa vilikua pamoja, na mtoto aliyeingia darasani hujifunza kusoma na hujifunza katekisimu, kisha akatoka Mkristo. Watu wakazoea kufikiri kwamba njia ni hiyo moja.

Mwezi wa Machi 1963 jimbo la Arusha lilikatwa kutoka jimbo la Moshi. Askofu wake wa kwanza alikuwa Dennis Durning, Mmarekani wa shirika hilo hilo, naye aliliongoza mpaka mwaka 1989. Makao yake yalikuwa mjini, chini ya mlima Meru, lakini sehemu kubwa ya jimbo ilikuwa nchi ya Wamasai: mbuga za Simanjiro upande wa kusini, na upande wa kaskazini nchi yote mpaka mpaka wa Kenya. Huko kaskazini ndiko iliko Loliondo. Mtu akitoka Arusha hupita Monduli na Mto wa Mbu, akashuka bonde la joto kali la Ziwa Natron, chini ya Oldoinyo Lengai, ambao Wamasai huuita mlima wa Mungu, ndipo apande tena nyanda za juu zenye baridi. Ni safari ya kuchosha hata kwa motokaa.

Padre Donovan alizaliwa Marekani mwaka 1926, akaja Tanganyika katika miaka ya 1950. Alipopelekwa Loliondo, misheni ya pale ilikuwa na umri wa miaka saba. Ilikuwa na shule nne zilizotunzwa vizuri, kikanisa kidogo, na hospitali iliyojengwa imara. Mapadre walifahamiana na Wamasai, wakiwatembelea katika maboma yao, wakinywa nao pombe ya asali na kusaidiana nao katika shida. Mwezi wa Mei 1966 Donovan alikaa kitako akamwandikia askofu wake barua. Katika barua hiyo alieleza kwamba hakuna hata Mmasai mmoja mtu mzima wa Loliondo ashikaye dini ya Kikristo. Wakristo waliokuwapo walikuwa katekista na msaidizi wa hospitali, nao wote wawili walitoka mahali pengine. Tena hakuna mtoto hata mmoja aliyeendelea na dini baada ya kutoka shuleni. Miaka saba, shule nne, hospitali moja. Na jumla yake ni sifuri.

Kisha akaeleza sababu aliyoiona. Katika matembezi yale yote, padre alizungumza na wenyeji habari za ng'ombe, za malisho, za maji, za shule na za dawa. Habari za Mungu, ambazo kwa ajili yake alikuwa amevuka bahari, hakuzitaja, au alizitaja kwa nadra sana. Kila mtu alingoja wakati ufaao, na wakati huo haukufika. Basi akaomba ruhusa aachane na shule na hospitali, asiwe na mkono wowote ndani yake, aende kwa wazee katika maboma yao na kusema nao habari za Mungu tu. Hakuwa na mpango mwingine, wala hakumwahidi askofu kwamba atafaulu.

Mzee wa kwanza aliyemwendea aliitwa Ndangoya. Donovan akamweleza kwamba hakuja kwa habari za shule wala za ng'ombe. Amekuja kusema habari za Mungu, kama wazee wakipenda. Mzee yule hakuona ugumu, kwani ni nani angekataa kuzungumza habari za Mungu? Lakini kisha akamwuliza padre swali: ikiwa hayo ndiyo yaliyowaleta katika nchi hii, mbona mmekawia muda huu wote bila kuyasema?

Wasikilizaji wangu, swali hilo halikuwa na hila ndani yake. Ni swali la mwenyeji aliyempokea mgeni, akampa kigoda na kinywaji, akangoja siku nyingi asikie ujumbe wake, na mgeni hausemi. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wazee wa Loliondo walikuwa wakingoja kujua huyu mgeni amekuja kuwaponya na nini.

Basi wakapatana. Maboma sita yalikubali, na Donovan akawa akienda kwa kila moja siku moja katika juma, asubuhi kabla ng'ombe hawajaenda malishoni. Alikaa nao chini, wanaume na wanawake na watoto, akawaeleza jambo moja, nao wakamweleza wao wanalifikirije jambo hilo. Aliona upesi kwamba hakuja kwa watu wasiomjua Mungu. Wamasai walimjua Engai, Mungu mmoja, anyeshaye mvua na atoaye ng'ombe na watoto. Tofauti ilikuwa hapa: waliamini ya kuwa Engai ni wao, awapendaye wao kuliko mataifa yote.

Donovan akawasimulia habari za Ibrahimu, ambaye Mungu alimtoa katika nchi yake na jamaa zake ili mataifa yote yapate baraka. Akawaambia kwamba huenda nao wameifungia baraka ya Mungu ndani ya kabila lao, na kwamba yawapasa kumtafuta Mungu aliye juu ya makabila yote. Wazee wakanyamaza, wakafikiri. Kisha mmoja akamwuliza: Je, kabila lako wewe limekwisha kumpata Mungu huyo? Padre alitoka katika taifa kubwa lenye makanisa kila mji. Lakini taifa hilo nalo humwomba Mungu awe upande wake wakati wa vita, kana kwamba ni mali yake. Alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe akakiri kwamba hapana, wao nao bado hawajampata, na akawaomba wamtafute pamoja.

Mapadre wengi waliomtangulia hawakuwahi kuulizwa swali kama hilo, kwa sababu mtoto wa darasani hamwulizi mwalimu wake hivyo. Mzee kwenye boma lake mwenyewe huuliza.

Mwaka ukapita. Ikafika siku ya kuamua, na si wote walioamua namna moja. Jamaa moja ilimwambia padre kwamba wamesikia yote aliyosema, wameyafahamu, nao hawayataki. Donovan hakuwatishia wala hakuwarudishia maneno. Aliwaaga akaenda zake, ijapokuwa moyo wake uliumia. Baadaye alieleza kwamba siku hiyo ndiyo aliyofahamu jambo kubwa: mtu asiyeweza kusema hapana, hata ndiyo yake haina uzito. Hebu linganisheni na Akeri mwaka 1896. Huko wenyeji walisema hapana kwa mikuki, wakajibiwa kwa bunduki. Huku Loliondo walisema hapana kwa maneno, na mgeni akaondoka kwa amani. Baina ya mambo hayo mawili imepita miaka sabini.

Kwa Ndangoya mambo yalikuwa mengine. Donovan alikusudia kuwachagua watakaobatizwa: huyu amejifunza vema, yule hakuhudhuria, yule mwingine bado hajafahamu. Mzee akamkatiza, akamwambia asiwagawanye watu wake. Alikubali kwamba wako wavivu kati yao na wako wazito wa kufahamu, lakini wenye bidii na wenye akili wamewasaidia hao mwaka mzima. Wamejifunza kama jamaa moja, na kama jamaa moja wamekubali. Padre akaona kwamba mwanafunzi amemshinda mwalimu. Akawabatiza wote.

Hata Misa ilibidi ifuate mwendo wa boma. Wakati huo Kanisa Katoliki lilikuwa limetoka katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika Desemba 1965, ulioruhusu ibada kufanywa kwa lugha za watu mahali pa Kilatini. Kwa Wamasai jani bichi ni alama ya amani. Mtu akimpa adui yake kishada cha majani, ugomvi umekwisha. Basi kabla ya Misa kishada cha majani kilipitishwa kutoka mkono hata mkono katika boma zima. Mtu akikataa kukipokea kwa sababu ya ugomvi na jirani yake, huenda siku hiyo Misa isiwepo, mpaka wapatane. Tena kulikuwa na jambo gumu zaidi. Kwa desturi yao wanaume hawali chakula mbele ya wanawake. Na Misa ni chakula cha wote. Padre hakuweza kuliacha neno hilo, akawaambia wazi. Na waliokubali ubatizo wakakubali na hilo.

Kuna habari nyingine moja ambayo walimu wa lugha wataipenda. Donovan alikuwa akitumia neno la Kimasai kwa maana ya kuamini. Mzee mmoja akamsahihisha, akisema neno hilo maana yake ni kukubali tu, kama mwindaji apigaye mnyama kwa bunduki akiwa mbali, akitumia macho yake na kidole chake. Kuamini hasa, akasema, ni kama simba aendapo kuwinda: hunusa, husikiliza, hutazama, hutambaa, huruka kwa nguvu zote za miguu yake, na mwisho humkumbatia mnyama kwa mikono yake mpaka awe sehemu ya mwili wake. Kisha akaongeza kwamba wao walidhani simba huyo ni mtu amtafutaye Mungu. Sasa wameona kwamba simba ni Mungu, naye ndiye aliyewatafuta.

Sasa tuyapime mambo haya, maana historia si kusifu tu. Je, Donovan alifanya vema kuziacha shule na hospitali? Wako waliomlaumu. Wakati ule ule, katika nchi ile ile, Padre Herbert Watschinger kutoka Austria, aliyekuwa padre na tena daktari, alikuwa akiwatibu Wamasai. Ndiye mwanzilishi wa hospitali ya Wasso karibu na Loliondo, na baadaye ya Endulen katika Ngorongoro. Mama aliyeokolewa katika uzazi pale Wasso hawezi kuambiwa kwamba kazi ile haikuwa na faida. Donovan mwenyewe hakusema hospitali ni mbaya. Alisema tu kwamba dawa ni dawa, nayo itolewe kwa sababu mtu ni mgonjwa, wala isiwe chambo cha kumvutia kwenye dini.

Kuhusu shule, neno lake lanigusa mimi mwenyewe, kwa kuwa ni mwalimu, na nilifunzwa kusoma katika shule ya misheni. Nisingalipelekwa shule ile, nisingaliweza kusoma habari za Donovan wala kusimama mbele yenu leo. Kwa hiyo siwezi kuidharau. Lakini nikikumbuka vizuri, nakumbuka pia kwamba hakuna aliyewauliza wazazi wangu kama wanataka dini hiyo; walitaka nijue kusoma, na dini ikaja pamoja na kitabu. Donovan aliliona hilo kabla ya wengi. Na mambo yakaenda upesi: Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea, na katika miaka ya 1969 na 1970 Serikali ikazichukua shule za misheni ziwe za taifa zima. Misheni iliyojengwa juu ya shule peke yake ikalazimika kujiuliza imebakiwa na nini mkononi. Padre wa Loliondo alikuwa amejiuliza mapema.

Lawama nyingine ni nzito zaidi. Donovan aliondoka Tanzania mwaka 1973. Jamaa alizozibatiza zilibaki katika nchi pana yenye mapadre wachache, na wafugaji huhama wakifuata mvua. Aliamini kwamba mtume hupanda na kuondoka, na watu wenyewe hulilea walilolipokea. Wengine waliona kwamba mtoto mchanga haachwi porini. Tena matata ya desturi, kama ndoa ya wake wengi, hayakumalizika kwa mwaka mmoja wa mafundisho. Padre mwenzake Eugene Hillman, aliyekaa na Wamasai miaka mingi, aliandika kitabu kizima juu ya swali hilo mwaka 1975, kiitwacho Polygamy Reconsidered. Donovan naye aliandika habari zake katika kitabu Christianity Rediscovered, kilichotoka mwaka 1978, nacho kimesomwa katika nchi nyingi. Alifariki mwaka 2000. Jimbo la Arusha lilikuwa limefanywa jimbo kuu mwaka mmoja kabla, nalo wakati huo liliongozwa na Askofu Mtanzania, Josaphat Lebulu.

Neno la mwisho nawaambia ninyi wanafunzi. Habari hizi zote za wazee, swali la Ndangoya, na simba, na kimya cha padre, zimetufikia kwa kalamu ya Donovan. Yeye alikuwa mtu mkweli, aliyeandika hata mahali aliposhindwa. Lakini ni kalamu ya upande mmoja. Wazee waliokaa chini naye asubuhi zile hawakuandika. Jamaa ile iliyokataa, nayo ilikuwa na sababu zake, na kitabu hakiwezi kuzijua zote.

Kwa hiyo mkirudi nyumbani, Meru au Monduli au Loliondo au popote mlipo, waulizeni wazee wangali hai. Nani alifika kwanza katika kijiji chetu kuhubiri? Alifuatana na nani? Alileta nini mkononi? Alituuliza neno gani, na sisi tulimjibu nini? Yaandikeni majibu yao kama walivyosema, msiyapambe. Mzee akifa kabla hajaulizwa, hakuna atakayetujibu, na watoto wetu nao watatuuliza mbona tulikawia.

Kwaherini.